Endelea Kusema Unachofikiri

Ukoo mzima ulimwita Hamahama, na haukumwonea. Alianza na ufamasia, akaukimbia. Akaingia isimu, akatangaza kwamba sasa amefika. Kabla watu hawajazoea kuitamka, kashahamia takwimu. Na sasa alikuwa akitafiti jinsi watu na kompyuta wanavyoelewana, kazi ambayo hakuna mjomba aliyeweza kuieleza mbele za wageni bila kukohoa kwanza. Kila alipohama, shangazi yake ndiye aliyemkingia kifua. "Mwacheni, anajua anachofanya," alisema, na maneno yakaishia hapo.

Leo shangazi huyo alikuwa ameketi katika chumba kidogo cha chuo, amevaa nguo zake za kutokea, anatazamana na skrini. Mstaafu mmoja aliyekubali kushiriki katika jaribio la Hamahama alikuwa amevunja miadi asubuhi. Hamahama alihitaji haraka mtu mwingine wa umri huo, akampigia shangazi. Nyuma ya kioo kikubwa cha ukutani msimamizi wake alikuwa anatazama na kusikia kila kitu. Baada ya kuhama kote kule, utafiti huu ukikwama, Hamahama hakuwa na pa kuhamia tena.

Skrini ilikuwa ya kuchukulia nafasi ya kumwona daktari, na Hamahama aliibuni mwenyewe. Kanuni ya majaribio kama haya haina huruma: mshiriki anasema kwa sauti kila analofikiri, mtafiti hamsaidii, hatikisi kichwa, hata uso haukunji. Mshiriki akinyamaza, anaambiwa tu aendelee kusema.

"Nafikiri ni nzuri," shangazi alianza. "Maandishi yanang'aa."

Akavaa miwani, akasoma swali la kwanza polepole, kidole kikiwa hewani. Kabla hajagusa, skrini ikarudi mwanzo.

"Aa, nimekosea."

Hakukosea. Hamahama alitambua hapo hapo. Ni yeye aliyeipanga skrini ifute kila kitu mtu akichelewa kugusa, ili foleni ya wagonjwa isikwame. Alipoijaribu, aliijaribu kwa vidole vyake mwenyewe, vidole vya mtu anayejua majibu kabla ya kusoma maswali. Ni kosa la kijinga la watu wa fani yake. Wote huonywa na wote hulifanya.

Shangazi akaanza upya. Safari hii aliharakisha, akagusa pasipohusika, akaomba radhi. Kwa nani? Kwa skrini. Ikarudi mwanzo tena, na jasho likaanza kumtoka. Neno moja lingemtua mzigo: si wewe, ni mashine. Lakini neno hilo lingeharibu jaribio. Hamahama aliona aibu mpaka masikio yakawaka moto, na bado hakulisema. Shangazi akanyamaza.

"Endelea kusema unachofikiri," Hamahama akasema, kwa sauti ya mtu wa mapokezi.

Shangazi akavua miwani. "Nafikiri nakuangusha. Nimewaambia watu wote kwamba unajua unachofanya, halafu siku unayonihitaji, hata kugusa kioo kunanishinda. Nafikiri ungemwita mtu aliyesoma."

Hamahama akayaandika maneno hayo kama yalivyo. Ndicho alichofanya, Mungu amsamehe.

Jaribio lilipokwisha, shangazi akatangulia nje. Msimamizi akaja kumpa Hamahama mkono. Alisema hajawahi kuona kasoro ikijitokeza waziwazi namna ile, na kwamba sura nzima ya tasnifu imepatikana. Hamahama hakungoja sifa ziishe. Akatoka mbio, akamkuta shangazi kwenye ngazi.

"Shangazi, hukukosea hata kidogo. Ile mashine ni mbovu, inafuta kabla mtu hajamaliza kusoma. Niliona, nikakaa kimya. Nisamehe."

Shangazi akageuka kuangalia mlango wa msimamizi, akamshika Hamahama mkono, akashusha sauti.

"Usiseme hivyo, watakusikia. Umeitengeneza wewe. Itakuwaje mbovu?"