Radhi Aliyopewa Roukia

Gari la Toihir lilikuwa limeshatoka Moroni, limeshika njia ya Chindini, Roukia alipotoa tiketi ya ndege akaniwekea pajani. Ilikuwa mwaka wa themanini na moja. Mamake, ambaye ni dada yangu, alikuwa mahututi Mutsamudu, kisiwa cha Nzwani, na Roukia hakuwa na radhi yake tangu alipoolewa na Ousseni, mtu aliyerudi kutoka Majunga, Madagaska, bila idhini ya nyumbani. Mama akifa kabla hajamsamehe, ndiyo basi tena.

Ndege nilimkataza mimi. Mamluki, wale wazungu walioishika nchi wakati huo, walikuwa wakiichukua wakitaka, abiria wanabaki uwanjani Hahaya na mizigo yao. Nikasema twende kwa gari, kisha mashua ya mota. Nimetembea sana, najua. Toihir akacheka, eti mjomba anaogopa kupaa.

Kwenye kizuizi askari mmoja wa hao wazungu, kijana wa kwetu, alimkazia macho Roukia akauliza mbona amerudi. Alfajiri alikuwa zamu Hahaya, akamwona anangoja ndege. Roukia akakana. Kijana alifungua njia akasogea nyuma, mbali na gari.

Saa sita mchana tulikuwa bado Chindini, mota inatafutiwa petroli. Mutsamudu tulifika kesho yake alasiri. Mlangoni alisimama Moinafouraha, mdogo wake Roukia.

"Umesahau nini tena, dada?"

Mama alikufa jana, akasema. Saa sita mchana Roukia aliingia na nguo hizi hizi, hakusalimia mtu, akamwosha mama miguu. Mama akampa radhi mbele ya wanawake saba, akampa na ufunguo, maana kwetu nyumba ni ya binti. Roukia akatoka. Mama akakata roho.

Nilikwenda kuuliza uwanjani Ouani. Jana haikutua ndege.

Roukia alikuwa amekaa chini, kiatu kimoja mguuni.

"Mama alitaja jina langu?"

"Alilitaja, dada. Sote tulisikia."

"Basi radhi anayo nani?"



Ufunguo haukuonekana, kitasa kikavunjwa. Roukia alikaa nyumba ile miaka sita, akafa kwa homa. Ousseni alioa tena Mirontsy. Toihir aliuza gari, akaenda kisiwani Maore, kwa Wafaransa. Moinafouraha yuko Hombo na watoto wanne. Mamluki waliondoka mwaka wa themanini na tisa. Mimi nipo Mvouni, magoti yananiuma.