Kupe Waliokataa Kufa

Mimi Apolonia nikikasirika nasikika mpaka ng'ambo ya mto, na sioni sababu ya kuficha. Mume wangu Mboje ni mtu wa taratibu, hata akimkanyaga kuku anamwomba radhi. Basi Mungu alipogawa sauti nyumbani kwetu, zote mbili akanipa mimi.

Mboje ndiye mhudumu wa josho letu hapa Mwamapalala. Anachanganya dawa kwenye maji, anapitisha ng'ombe za watu wanazama mpaka shingoni, kupe wanakufa, kila mtu anarudi kwake. Miaka yote ilikuwa hivyo. Mwaka huu kupe wakagoma. Ng'ombe anatoka joshoni anachuruzika dawa, keshokutwa ukimshika sikio unakuta kupe wamejaa, wamenona kama maharage. Ndama wakaanza kufa kwa ndigana, ile homa inayoletwa na kupe. Wakafa wa Mayige, wakafa wa padri, na Ndaki, jirani yetu tunayepakana naye shamba, akazika ndama mmoja baada ya mwingine.

Watu wakaanza kusema Mboje anaiuza dawa pembeni, joshoni anatia maji matupu. Aliyeanza simjui, lakini aliyesema kwa kinywa kipana ni Ndaki. Ndaki huyu huyu! Mtu aliyekula ugali kwangu kuliko alivyokula kwa mkewe! Nilitaka kumfuata na mwiko, Mboje akanishika kanga.

Halafu Luhaga akaitisha dagashida. Hilo ndilo baraza letu la kimila, na Luhaga ndiye mkubwa wake. Baraza likikukuta na kosa la namna hiyo linakutenga. Hakuna wa kukupa salamu, hakuna wa kukuazima jembe, ukifiwa unachimba kaburi mwenyewe. Nilipokuwa msichana niliona familia moja ikitengwa. Walivumilia msimu mmoja tu, wakahama.

Siku hiyo Mboje alikaa kwenye kigoda chake, akauacha uji mpaka ukaganda. Nikamuuliza, "Niambie mimi mkeo. Umeiuza dawa?"

Akaniangalia. "Apolonia, hata wewe?"

Aisee, niliumia. Nikajifunga kanga yangu vizuri, nikaenda kumtafuta Jenifer.

Jenifer ni mtafiti wa chuo, kwao Lagangabilili mjini, amepanga chumba kwa ofisa mifugo. Kazi yake ilikuwa kunyofoa kupe masikioni mwa ng'ombe na kuwatia kwenye vichupa. Tulimcheka sana. Binti mzuri, shahada mbili, anasomea kupe! Alishatueleza kwamba wenzake chuoni wote wanachunguza mageuko, yaani jinsi vitu vinavyobadilika kwa muda mrefu. Mmoja yuko kwenye nyota. Mwingine anafuatilia ngoma za Wagika na Wagalu, vile vyama vyetu viwili vinavyoshindana kucheza, zilivyokuwa enzi za mababu na zilivyo leo.

"Nyota nazo zinabadilika?" nilimuuliza siku ile.

"Zinazaliwa, zinazeeka, zinakufa, mama."

"Wenzio wakapewa nyota, wewe wakakutupia kupe?"

"Niliwaomba mwenyewe," akasema, akacheka mpaka akashika tumbo.

Lakini nilipomfuata kwa ajili ya Mboje hakuna aliyecheka. Alinisikiliza nikafoka nikamaliza. Kisha akasema, "Mama, mimi nahisi dawa ni nzima. Waliobadilika ni kupe."

"Kupe abadilike awe nini? Tembo?"

"Nyinyi mkitaka ndama wa kuvumilia ukame mnafanyaje?"

"Tunachagua dume anayevumilia. Wengine tunawahasi."

"Haya. Kati ya kupe wengi, wachache walizaliwa wanaistahimili dawa. Dawa ikaua wenzao, wao wakabaki kuzaa. Watoto wakafanana na wazazi. Josho limekuwa likichagua mbegu miaka yote, na hakuna aliyekusudia."

Nilikaa chini. Mimi mtoto wa wafugaji, maneno hayo yaliniingia moja kwa moja. Nikamwambia, "Hayo ukayaseme mbele ya Luhaga."

"Maneno hayatatosha. Inabidi waone."

Mpango wake ulikuwa mwepesi. Maji ya josho yachotwe na Luhaga kwa mkono wake. Ndani yake wachovywe kupe wetu, na pia kupe ambao hawajawahi kukutana na dawa hiyo. Yakiwa maji matupu, wote watapona. Dawa ikiwa nzima, wale wageni watakufa na wetu watabaki.

Kupe wa namna hiyo ungempata kwa Bujiku peke yake. Bujiku ni mzee anayeshika mambo ya zamani. Josho hataki hata kulisikia, anasema ni la watu wa Jumapili, yaani sisi wa kanisani. Jenifer akamwendea kwa heshima zote, akapiga goti, akamwita babu kwa Kisukuma, akamuuliza, "Guku, ng'ombe zako zimewahi kuogeshwa?"

"Zangu? Hata siku moja."

Jenifer akaingia zizini akanyofoa kupe. Nilikuwepo, nikamshikia kichupa.

Luhaga akachota maji ya josho, kupe wote wakachovywa mbele yake na wazee wa baraza, wakawekwa kwenye visahani vyenye mifuniko. Asubuhi Luhaga akafunua. Kupe wetu walikuwa wanatembea. Akafunua cha Bujiku. Nao wanatembea! Mmoja alishapanda ukingo wa sahani, anaenda zake.

"Basi ni maji," Luhaga akasema. "Keshokutwa tunakaa kikao, tumalize."

Jenifer akainamia visahani, akawahesabu upya. Mboje aliondoka. Mimi nilitoka hapo moja kwa moja hadi kwa Bujiku, nikamkuta anaziba zizi kwa miiba.

"Mzee, umetumaliza!" nikamwambia kabla ya salamu. "Umesema ng'ombe zako hawajaogeshwa!"

"Hawajaogeshwa."

"Na hawa ni nini?"

Akatazama huku na huku, akashusha sauti. "Mayu, mama, hawa si wangu. Ni wa Mayala wa Lingeka. Alinipa nimtunzie, mimi nanywa maziwa. Kwake huko wanaogeshwa kila wiki, na hapa wamefika juzi tu."

"Mungu wangu! Mbona hukusema?"

"Yule binti kauliza zangu, nikamjibu zangu. Tangu lini mtu anaulizwa zizini kwake ng'ombe ni za nani?"

Alikuwa sawa. Kwetu kuuliza hivyo ni kumvua mtu nguo. Nusu ya mazizi ya hapa yana ng'ombe za watu wengine, na hakuna anayetamka. Jenifer kakulia mjini karibu na maofisi, angejuaje? Lakini mimi niliyezaliwa hapa nilisimama katikati ya ng'ombe hao na kichupa mkononi, nisiwaze kitu. Nilijipiga kichwa kwa kiganja.

"Sasa zako ziko wapi?"

Akaonyesha kwa kidevu nyuma ya kilima. "Wapo wawili. Dume na mama yake. Ni wa guku yangu, marehemu. Hawachanganywi na wa watu, na dawa haijawagusa tangu wazaliwe."

"Tupe kupe wao."

"Si wangu kuwatoa. Mpaka niombe."

Jenifer akaja na vichupa vyake, na Luhaga akaja, amenuna, anasema hii ndiyo ya mwisho. Bujiku akamwaga maziwa chini, akaanza kuongea na babu yake kwa Kisukuma cha ndani, polepole, kama mtu anayeomba mkopo kwa ndugu mgumu. Mimi ni Mkatoliki wa jumuiya, sijakosa hata wiki moja. Nikasimama nimekunja mikono, nikasali Baba Yetu moyoni ili kila upande uwe umeombwa. Akamaliza, akasema, "Amekubali. Ila dume asipigwe." Jenifer alinyofoa kupe huku anambembeleza yule dume kwa jina.

Wakachovywa jioni hiyo hiyo, maji yale yale ya josho, na visahani vikalala kwa Luhaga.

Siku ya dagashida watu walijaa. Mboje aliketishwa katikati peke yake. Mume wangu mimi, mtu asiyeweza kumnyima mtu maji, kakalishwa kama mwizi! Nikaikalia mikono yangu isije ikamrukia mtu.

Luhaga akafunua sahani ya kwanza, ya kupe wetu. Wanatembea. Watu wakaguna. Akafunua ya pili, akainamia. Akachukua kijiti, akagusa. Akagusa tena. Kupe wa dume la Bujiku walikuwa wamelala chali, miguu imekunjwa, wamekufa wote. Sahani ikapita mkono kwa mkono. Ndaki aliwachokoa mmoja mmoja, hakubakiza.

"Dawa si maji," Luhaga akasema. "Mboje hana kosa."

Nilipiga vigelegele nikasahau kwamba ni kikao cha wazee. Hakuna aliyenikemea. Nililia pia, nikalia kwa sauti, na sijali nani aliniona.

Jenifer akasimama, akaeleza. Dawa ya aina nyingine itafutwe. Isizimuliwe. Ng'ombe wachache waachwe bila kuogeshwa, ili kupe dhaifu waendelee kuwepo na kuzaana na hao sugu. Mayige akauliza, "Na hiyo mpya, nayo kupe wataizoea?"

"Wataizoea, baba. Ndiyo maana lazima tuwapime kila msimu, tujue mapema."

"Nani atapima?"

Watu wakageuka kumtazama Mboje. Alikuwa bado katikati, anatazama mikono yake.

Ndipo Ndaki akainuka. Nikasema, haya, sasa leo atanisikia. Nilikuwa na maneno ya mwaka mzima, nimeyapanga. Akapita mbele ya watu wote akachuchumaa mbele ya mume wangu, uso chini.

"Mboje," akasema. "Nimebakiwa na ndama mmoja. Nimlete kwako saa ngapi?"

Maneno yangu yote yakaniishia mdomoni. Mboje akamwinua kwa mkono.

"Mlete asubuhi, jua halijawa kali," akamjibu. "Nitamkagua masikio mwenyewe."