Jiwe Kwenye Tonge

“Fungua mdomo,” alisema daktari wa meno.

Wilibrodi alidhani ameingia mlango usio wake. “Mama, mimi naumwa sikio.”

“Najua. Mwenzangu ameshaliangalia, ndiye aliyekuleta kwangu. Fungua.”

Akafungua kwa hasira. Seremala mzima wa mtaa wa Izia, kichwa kinampasuka, halafu anaambiwa habari za meno! Wapi na wapi? Sikio lile halikuwa la mchezo. Lilikuwa limeshavunja nyumba yake.

Lilianza kuuma baada ya safari ya Msanzi, kwa wakwe zake, na kwa Wilibrodi ushahidi huo ulitosha. Mama mkwe hakuwahi kumpenda, nani mwingine angemtupia kitu? “Kikulacho ki nguoni mwako,” alimwambia kila jirani aliyekuja kumpa pole, mkewe Scola akiwa papo hapo anasikia. Scola aliapa, akalia, akamsihi waende hospitali. Mwanaume akagoma. Enzi zile za ruksa, kila mwenye chumba cha mbele barabarani alikuwa amefungua duka la dawa, na Wilibrodi akanunua matone ya kila aina. Yaliposhindwa, akamimina maji ya majani. Majani yaliposhindwa, akamimina mafuta ya taa, huyo mwenye akili zake! Mwishowe akamtolea Scola virago nje. “Kamwambie mama yako anitoe alichoniwekea. Kabla ya hapo usirudi.” Scola akambeba mwanawe Isdori mgongoni, akaenda zake.

Daktari aligonga gego la mwisho, chini upande wa kulia, kwa kichuma chembamba. Wilibrodi aliruka kidogo aanguke na kiti.

“Umeumia wapi?”

“Sikioni,” alisema, na macho yakamtoka. Aligongwa jino, sikio likalia! Akashika shavu, akashika sikio, akarudi kwenye shavu.

“Jino hili lilipasuka, likaoza mpaka mzizini. Pana usaha hapo chini. Mishipa ya taya na ya sikio imepakana, baba, jino likiharibika sikio linaweza kubeba maumivu yote. Ulitafuna nini?”

Alitaka kusema hajui. Kisha akakumbuka, na jasho likamtoka.

Ugali wa ulezi, Msanzi. Jiwe ndani ya tonge, na mlio uliomfika utosini. Ingekuwa kwake angetema na kugomba mpaka majirani wajae. Lakini mkwe hatemi ukweni. Kutema ni kuwaambia ulezi wenu haukupetwa, ni kumvua nguo mama wa watu. Akameza. Jiwe, damu na kipande cha jino, vyote akameza, akatabasamu, tena akasifu mboga. Jino lilimsumbua kwa muda, likanyamaza, naye akalisahau.

Mungu wangu! Mke amefukuzwa kwa sababu ya kokoto! Kilichokuwa kinamla kilikuwa kinywani mwake mwenyewe.

“Ukiling'oa, sikio litapona?” aliuliza.

“Maumivu yataisha. Kusikia ni jambo jingine.” Daktari alisita. “Sikio lako lilikuwa zima, baba. Ngoma yake imeharibiwa na hayo uliyokuwa unamimina.”

Wilibrodi alibaki mdomo wazi, bila kuambiwa aufungue.

Jino liling'olewa, na shavu lilipopungua uvimbe alikwenda Msanzi. Alikalishwa uani kwenye kigoda. Mama mkwe alibaki nyuma ya mlango, upande wa kulia wa Wilibrodi, kwa ile heshima ya mkwe na mkwe. Wilibrodi alisema yote: jiwe, jino, mafuta ya taa, na maneno machafu aliyowatupia. Alipomaliza, alingoja. Akaona kuku wanapita, akaona Scola amegeukia mlangoni, ametulia, kama mtu anayesikiliza. Yeye hakusikia kitu.

“Mama amesema?” aliuliza kwa woga.

Scola akazunguka, akasimama upande wa sikio zima.

“Amesema siku ile mlio wa jiwe aliusikia hadi jikoni. Akashika maji mkononi, akawa anangoja uteme akuletee.”

Wilibrodi akainamisha kichwa. “Na wewe, mama Isdori? Tutarudi nyumbani?”

“Leo sirudi,” alisema Scola. “Nilikusihi twende hospitali ukiwa na masikio mawili, hukunisikia. Sasa una moja.”