Chumba cha Juu cha Bi Stahamili

Katika nchi ya Ridhaa palikuwa na mji mdogo ulioitwa Pendezani, wenye hewa tamu na bustani za kuburudisha roho, ambao wenyeji wake waliupenda hata wakaharamisha ghorofa, wakisema anga ni amana na haigawiwi. Kila mgeni alikaribishwa kwa maua, kisha akaonyeshwa njia ya Kwambali, nyuma ya milima, walikoishi wote walioipikia, kuifagilia na kuijengea Pendezani.

Bi Stahamili, mjane mwuza vitumbua, alijenga chumba juu ya nyumba yake ili bintiye Tunu, aliyeolewa karibuni, asihamie Kwambali kwa kukosa nafasi, akawa wa kuonwa sikukuu kwa sikukuu. Jirani yake, Bwana Choyo, akamshitaki.

"Bi Stahamili, umeiba anga," alisema Kadhi Hifadhi, kwa upole wa mtu mwenye vyumba tisa.

"Mheshimiwa Kadhi, nimechukua iliyo juu yangu tu. Ya Bwana Choyo sikuigusa, ingawa sijaona anaifanyia nini."

Watu wakacheka, Choyo akafura kama unga uliotiwa hamira. Hukumu ikatoka: chumba kivunjwe. Bi Stahamili akauma ncha ya kanga asilie mbele ya Choyo.

Mafundi wakaitwa kutoka Kwambali. Walifika alasiri, hoi, na mkubwa wao, Fundi Bayana, akaitua nyundo. "Tukianza sasa, giza litatukuta milimani. Tulazeni hapa, tuvunje kesho."

Kadhi akawatazama wazee wa mji, wazee wakatazama viatu vyao. Nafasi kila mmoja alikuwa nayo, na udhuru pia.

"Changu kipo," alisema Bi Stahamili. "Na vitumbua asubuhi."

Kulipokucha, Kadhi alimwona Fundi Bayana dirishani kule juu, kikombe mkononi.

"Mbona hamjavunja?"

"Tukivunja, Mheshimiwa, leo tutalala wapi? Kazi hii si ya siku moja."

Kadhi akafikiri sana. "Basi jengeni kwanza chumba cha wavunjaji. Lakini sheria isiguswe!"

"Tujenge wapi? Chini kumejaa bustani."

"Juu," Kadhi alinong'ona, "ya Bwana Choyo."

Hadi leo Tunu analea wanawe katika chumba kilichohukumiwa. Wavunjaji hawajapata wasaa: wamepata makao, wameoa, na kila mmoja anajenga.