Malkia Aliyeguswa

Satenik alikuwa amefundisha sataranji miaka thelathini katika shule moja ya mji wa Vanadzor, Armenia, na hakuwahi kupata mwanafunzi kama Nvard, msichana wa miaka kumi. Kwenye fainali ya kambi ya sataranji katika mji wa Dilijan, Nvard alipangwa na Areg, mjukuu wa Satenik mwenyewe. Mshindi angekwenda mji mkuu, Yerevan, kwenye mashindano ya taifa.

Areg alimshika malkia wake, akagundua kwamba ataliwa bure, akamwachia na kusogeza farasi.

"Umegusa malkia," Nvard akasema. "Lazima umcheze huyo."

"Nimemgusa saa ngapi? Acha uongo wewe."

Mwamuzi alikuwa meza ya pili, hakuona kitu. Akamgeukia Satenik aliyesimama nyuma yao.

"Mwalimu, wewe umeona?"

Satenik alikuwa ameona. Alimtazama mjukuu wake, masikio yamekuwa mekundu.

"Sikuwa natazama," akajibu.

Nvard aligeuka akamwangalia kwa muda mrefu. Hakulia. Alicheza mpaka mwisho, akashindwa, akampa Areg mkono kama alivyofundishwa.

Ndani ya basi la kurudi, Areg alimwegemea bibi yake.

"Bibi, najua uliona," akamnong'oneza huku akicheka.

"Nyamaza, kula mkate wako."

Jumatatu Satenik alimkuta Nvard kwenye ngazi za shule.

"Mwanangu, leo utakuja mazoezini?"

"Hapana, mwalimu," Nvard akasema kwa adabu, akampisha apite.