Nimekosa, Mzee Wangu

Miaka ile ya ruksa, biashara ilipofunguliwa, kila mwenye friza alikuwa tajiri Kilwa Kivinje. Mmoja wao, mnunuzi wa kamba wa baharini kutoka Dar es Salaam, alimwajiri Issa, mtoto wa pekee wa Bi Mastura, alinde mashine ya boti yake. Jirani yao alipofariki, Issa akaacha lindo akaenda kuzika. Kurudi, mashine haipo. Tajiri hakutaka kusikia habari za maziko. Issa akashitakiwa kwa wizi, akafungwa miaka mitano huko Lindi.

Bi Mastura akaambiwa kuna rufaa. Neno hilo alilijua kwa hospitali tu: marehemu mumewe alipewa rufaa, akapelekwa mbali, na huko huko ndiko alikofia. Lakini aliyefikwa habagui mlango. Akavaa baibui lake, akaenda Nangurukuru kwa Mzee Ignasi, Mmakonde aliyekuwa karani wa mahakama hadi alipostaafu. Akamkuta stendi, kwenye banda la chai la mkewe.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mama Issa. Karibu kiti."

"Mwanangu hakuiba. Nataka hao wakubwa wa rufaa waambiwe."

"Rufaa si kusimulia upya, mama. Jaji anatazama yaliyosemwa kule chini. Mashahidi walisemaje?"

"Hawakuitwa. Kesi iliisha asubuhi ile ile."

Mzee Ignasi akaweka kikombe chini. "Aliposomewa shitaka, alijibu nini?"

Hapo Bi Mastura akajivuna kidogo, maskini wa Mungu. "Alijibu kwa adabu. Tajiri yupo, hakimu yupo, wote watu wazima. Akasema, 'Ni kweli, nimekosa, mzee wangu. Nisameheni.' Ndivyo nilivyomlea. Mtu mzima akikukasirikia, unaomba radhi kwanza, maelezo baadaye."

"Na walipomsomea jinsi mashine ilivyoibwa?"

"Akaitikia 'naam' kila hakimu alipotua. Sasa amkatize?"

Mzee Ignasi akashusha pumzi. "Mama Issa, mahakamani hiyo haiitwi adabu. Inaitwa kukiri. Na aliyekiri hapingi tena hatia. Anaomba kupunguziwa adhabu, basi. Labda aoneshe kwamba hakuelewa alichoulizwa, na hilo ni gumu. Kijana kamaliza darasa la saba, Kiswahili ni chake."

"Alikusudia kosa la kuacha lindo!"

"Mimi nakuamini. Lakini hakulisema."

Angelisemaje, naye alikuwa anangoja zamu ya maelezo? Kule radhi ilipokwisha kuombwa, hakuna aliyekuwa na haja ya maelezo. Bi Mastura akalia pale pale, mbele ya makonda na wauza korosho, bila haya. Wengine walidhani amefiwa. Alikuwa anamlilia mwalimu wa Issa, na mwalimu ni yeye.

Ijumaa yake akaenda Lindi. Issa amekonda, shingo imebaki mifupa.

"Mwanangu, rufaa ya adhabu ipo. Mwambie mkuu wa gereza kwamba unaikata. Omba wakupunguzie, urudi ningali hai."

"Adhabu ya nini, mama?"

"Ya hiyo mashine."

"Sikuichukua."

"Najua, baba. Omba tu. Useme umekosa, wakuhurumie."

Issa akainamisha kichwa. "Nilisema mara moja, nikaletwa humu. Sisemi tena."

Bi Mastura akamsihi kwa maziwa aliyomnyonyesha. Akamsihi kwa kaburi la baba yake. Moyo ulimuuma zaidi kwa sababu alijua kijana ana haki. Issa akatikisa kichwa, machozi yanamtoka. Askari akasema muda umekwisha.

Tangu kuzaliwa kwake, Issa hakuwahi kumkatalia mama yake neno. Siku hiyo alimkatalia, akageuka, akaenda zake bila kumwomba radhi.