Nyundo ya Fundi Viatu

Kuna watu, jamani, watakupandisha presha bila hata kufungua mdomo! Fundi saa na fundi viatu walikaa chumba kimoja cha kazi miaka nenda miaka rudi, mgongo kwa mgongo, na maongezi yao hayakuzidi "habari" na "nzuri". Wateja waliwaita Mabubu. Lakini mmoja akiagiza chai, aliagiza vikombe viwili, na fundi saa hakuwa na rafiki mwingine duniani wala hakumtaka.

Sasa fundi viatu anahama. Na hata hilo hakulisema mwenyewe! Dada yake ndiye aliyekuja asubuhi na gunia, akaanza kukusanya soli na gundi.

"Anahamia wapi?" fundi saa akauliza.

"Barazani kwangu, kaka. Anasema nyundo yake inakusumbua. Eti kila akigonga, unaacha kazi."

Inamsumbua! Fundi saa alihisi damu inamchemka. Ni kweli aliacha kazi, maana meza ilitikisika na skrubu za saa ni ndogo kama chembe za mchanga. Aliinua mkono, akapumzisha macho, akasubiri, kisha akaendelea. Ndivyo alivyozoea. Mwenzake alipougua na chumba kikawa kimya, macho yalimuuma fundi saa kwa kukosa pumziko mpaka akaharibu saa ya mtu. Lakini aliwahi kumwambia? Thubutu! Na yule naye, badala ya kuuliza, wiki nzima kashona tu, nyundo kaificha chini ya kiti. Huyu wa saa akadhani kanuniwa, akazidi kunyamaza. Wanaudhi hawa!

Fundi viatu akaingia, akabeba kiti chake. "Haya, ndugu yangu," akasema, macho chini. "Tutaonana."

Maneno yalimjaa fundi saa kifuani, yakakwama palepale. Alijichukia. Dada akafunga gunia, akajitwika. Nyundo ilikuwa bado sakafuni. Fundi saa akaiokota, akaibamiza juu ya meza yake mwenyewe, saa za watu zikaruka.

"Gonga!" akafoka. "Gonga, bwana! Mimi bila wewe siwezi kazi!"

Fundi viatu akamtazama usoni. Akaweka kiti chini taratibu, akaipokea nyundo, akavua kiatu chake mwenyewe, akaanza kukigonga. Fundi saa akageukia meza yake, mkono juu, akisubiri.

"Na hili gunia?" dada akauliza.

Nyundo ikaendelea kugonga.